Midoli ya Vitambaa kwa Watoto wa Dharura Mjini Mtwara: Tathmini ya Huduma

Kikundi cha mafundi cherehani wa mjini Mtwara, wengi wao akina mama, hushona midoli ya vitambaa na kuipeleka katika idara ya dharura ya hospitali moja ya mjini hapa, ili mtoto anayefikishwa pale akiwa na maumivu au hofu apewe mmoja, aushike wakati anatibiwa, kisha aondoke nao ukiwa mali yake. Hakuna malipo, hakuna fomu ya kujaza, na mzazi haulizwi dini, kabila wala kadi ya bima. Nimeiona huduma hii kwa macho yangu tulipompeleka mtoto wa dada yangu aliyekuwa amevunjika mkono, na baadaye nikawatafuta mafundi wenyewe, nikaketi nao kwenye baraza wanaposhonea na kuwauliza yale ambayo mtu yeyote mwenye nia ya kuchangia angependa kuyajua. Maoni yangu nayatanguliza: ni huduma nzuri sana, iliyofikiriwa kwa makini kuliko misaada mingi inayoshushwa hospitalini kwa shangwe, na kasoro zake, ambazo nitazieleza waziwazi, zinaweza kurekebishwa na watu walewale walioianzisha.

Anayetaka kuipima huduma hii kwa haki aanze na mtoto mwenyewe. Mkoa wa Mtwara bado umelemewa na malaria: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 20 hivi ya watoto wa miezi 6 hadi 59 mkoani humu walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Kwa hiyo mvua zikishika, mabenchi ya dharura hujaa watoto wenye homa kali na degedege. Msimu wa maembe huleta walioanguka mitini. Na mwaka mzima wanakuja waliomwagikiwa maji ya moto au uji jikoni, waliogongwa na bodaboda, na wale ambao kifua kimewabana. Wengi wao, mbali na maumivu, wanakuja na hofu tuliyowapandikiza sisi wenyewe majumbani. Ni nani kati yetu hajamsikia mzazi akimwambia mtoto mtukutu kwamba asipotulia atapelekwa kwa daktari achomwe sindano? Mtoto aliyekua na kitisho hicho anapoiona kweli sindano mkononi mwa mtu asiyemfahamu, huamini kuwa anaadhibiwa, na hakuna maelezo ya kitabibu yatakayomtoa katika imani hiyo kwa muda mfupi alionao muuguzi.

Idara za dharura zenyewe bado ni ngeni kwetu. Ile ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2010, ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika hospitali za umma nchini kuwa na uwezo kamili, na majengo ya namna hiyo yameenea mikoani hasa katika miaka michache iliyopita. Tumepata vitanda, oksijeni na mashine za kufuatilia mapigo ya moyo, na ni jambo la kushukuru. Ila chumba chenye mashine zinazolia na taa zisizozimwa humtisha mtoto kuliko zahanati ya kijijini kwao aliyoizoea.

Wazo la kuweka midoli mahali kama hapo halikuzaliwa Mtwara, na mafundi hawadai hivyo. Nchini Uingereza, Frimasoni wa Essex walianzisha mwaka 2001 mpango unaoitwa Teddies for Loving Care, ambao hupeleka dubu wadogo wa manyoya katika idara za dharura za hospitali, na mpango huo ukaenea katika sehemu nyingine za nchi hiyo. Najua jina la Frimasoni linavyopokewa huku kwetu na minong'ono inayolizunguka. Ninachokitazama hapa ni utaratibu, na utaratibu wao una jambo moja la maana kubwa, kwamba mfadhili hamgawii mtoto chochote kwa mkono wake. Dubu hukabidhiwa idara, na daktari au muuguzi ndiye anayeamua ni mtoto gani apewe na kwa wakati gani. Mafundi wa Mtwara wameshika kanuni hiyohiyo, nami naiona kuwa ndiyo nguzo ya huduma yao. Tumezoea kumwona mgeni rasmi akipita wodini na maboksi saa nne asubuhi, kila mtoto akikabidhiwa kitu mbele ya kamera, huku yule atakayeletwa saa nane usiku akivuja damu kichwani hakumbukwi na mtu. Mdoli ulioko kwenye kabati la muuguzi unamsubiri huyo wa saa nane.

Sasa mdoli wenyewe. Niliopewa kuukagua ulikuwa wa kobe, unaojaa vizuri katika kiganja cha mtu mzima, gamba lake limeunganishwa kwa vipande vya vitenge vya rangi tofauti na tumbo lake ni la kitambaa cha pamba cha rangi moja. Niliivuta miguu yake kwa nguvu kuliko atakavyoivuta mtoto, na mishono, ambayo imepigwa mara mbili, haikuachia. Macho yametariziwa kwa uzi mweusi, hakuna kifungo wala shanga popote. Wachangiaji wengi hawalizingatii jambo hilo, nalo ndilo linalotenganisha mdoli salama na mdoli wa hatari, kwa kuwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kikimkwama kooni, aliyeletwa kwa homa atakuwa na dharura ya pili. Ndani wamejaza pamba laini ya kiwandani. Nilishangaa kwa nini hawatumii sufi, ambayo inapatikana kwetu kwa bei nafuu na ndiyo iliyojaza mito ya bibi zetu, lakini fundi mmoja alinieleza kwamba sufi ikifuliwa hujikusanya mabonge, na vumbi lake linaweza kumsumbua mtoto mwenye pumu. Mtu anayewaza kifua cha mtoto asiyemjua, wakati anachagua kitu cha kujaza tumbo la kobe, ameelewa kazi yake.

Wanyama wanaoshonwa ni kobe, sungura, kuku na samaki. Dubu hayumo, na sioni hasara yoyote, kwa sababu dubu haishi katika nchi yetu na mtoto wa Tandahimba hana hadithi hata moja inayomhusu, ilhali sungura na kobe amewasikia kwa bibi yake tangu hajajua kuhesabu. Tembo aliwahi kuwamo, akaondolewa baada ya wauguzi kueleza kwamba mtoto mmoja aliyetoka upande wa Liwale alipoonyeshwa alificha uso kifuani kwa mama yake. Kwa sisi wa mjini tembo ni picha ya kupendeza kwenye fulana. Katika vijiji vya Liwale na Nachingwea ni mnyama anayeingia shambani usiku na ambaye ameshaua watu. Kikundi kilichosikia neno hilo moja kutoka wodini na kubadilisha kinachoshonwa kinastahili sifa, kwani wafadhili wengi hawarudi kuuliza kama walichokitoa kilifaa.

Suala la sura nalo limeangaliwa. Kuna wazazi wasiopenda sanamu ya mtu ndani ya nyumba kwa sababu za dini. Wapo wanaoikumbuka hadithi mashuhuri ya Bi Aisha kuchezea wanasesere na kuona hakuna ubaya, na wapo wasioridhika. Wapo pia, wa dini zote, wanaoogopa mdoli wa kitambaa wenye umbo la binadamu kwa kuuhusisha na mambo ya uchawi. Mafundi hawakutaka kubishana na mzazi ambaye mwanawe yuko kitandani, hivyo waliacha kabisa kushona umbo la mtu. Naafiki uamuzi huo, maana chumba cha dharura si mahali pa kumshindia mtu hoja.

Utoaji wenyewe ndio ulionishawishi kuandika. Mvulana wetu alikuwa ameanguka kutoka kwenye mwembe, ameukumbatia mkono wake na hataki mtu ausogelee. Alikuwa ameshampiga teke mhudumu aliyejaribu kumkunjua. Muuguzi aliyefuata hakuanza na mkono. Alikuja na midoli miwili, akachuchumaa hadi uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto, akamwonyesha kobe na sungura na kumwambia achague. Alileta miwili tu, maana mtoto mwenye maumivu akiwekewa kapu zima huchanganyikiwa, lakini kati ya miwili anaweza kuamua, na huo huwa uamuzi wa kwanza ulioachwa mikononi mwake tangu alipoanguka. Akachagua kobe.

"Haya baba, tumfunge nani kwanza, wewe au kobe?"

"Kobe," alijibu kwa sauti ya chini.

Muuguzi akakata bandeji fupi, akaufunga mguu wa mbele wa kobe taratibu, na wakati wote alikuwa akizungumza na kobe: kwamba itauma kidogo kisha itapoa, kwamba kulia kunaruhusiwa, ila kurusha mguu hakuruhusiwi. Kisha dada yangu akaambiwa ampakate mwanawe badala ya kumlaza na kumbana kitandani, kobe akawekwa kwenye mkono mzima, na sindano ya dawa ya maumivu ikachomwa. Alilia. Nalisema hilo kwa makusudi, kwa sababu sitaki msomaji adhani kwamba mdoli unaondoa maumivu. Mfupa uliovunjika unauma, na dawa ndiyo inayoutuliza. Lakini hakupigana na mtu, hakuna aliyelazimika kumshika kwa nguvu, na daktari alipofika kukagua vidole alimkuta mtoto anayejibu maswali. Alikubali hata kupigwa picha ya eksirei kwa sharti kwamba kobe naye alazwe pembeni. Tafiti zilizokusanywa na kuchambuliwa na mtandao wa Cochrane kuhusu sindano na watoto zinaunga mkono nilichokiona, kwamba kumshughulisha mtoto na kitu kingine wakati anachomwa hupunguza maumivu anayoyahisi.

Pamoja na midoli, kikundi hupeleka maelezo ya ukurasa mmoja yaliyoandaliwa kwa msaada wa muuguzi mstaafu, nayo yanastahili kusomwa na yeyote anayefikiria kuanzisha jambo kama hili. Mtoto aliye mahututi hapewi mdoli kwanza. Njia ya hewa, oksijeni, dripu na dawa ndivyo vinavyotangulia, na mdoli huja akishatulia. Mtoto aliyeungua huwekewa upande usio na jeraha, baada ya kidonda kufungwa, ili kitambaa kisigusane na ngozi iliyo wazi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi kabisa, kwa sababu kitu laini karibu na uso wa mtoto mchanga aliyelala kinaweza kumziba pumzi, na kwa sababu mchanga ana kitulizo kinachopita midoli yote: kunyonya wakati wa sindano na mara baada yake humpunguzia maumivu, na mama anaweza kuambiwa hivyo bila gharama yoyote.

Sehemu ya maelezo hayo niliyoipenda kuliko zote inahusu kanga. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1953 jinsi mtoto anavyoshikamana na blanketi au mdoli fulani anapojifunza kuvumilia kuwa mbali na mama. Huku kwetu watoto wengi hawana mdoli wa namna hiyo tangu utotoni. Walichonacho ni kanga waliyobebewa mgongoni, yenye joto na harufu ya mama. Maelezo yanamtaka muuguzi asiiondoe kanga hiyo kwa haraka ya kupata nafasi ya kufanya kazi, na iwapo mama hawezi kuingia pamoja na mtoto, aulizwe kama anaweza kuiacha kwa muda, mdoli ufungiwe ndani yake na mtoto akabidhiwe vyote viwili. Hapo mdoli mgeni, uliotoka kabatini, unapata kitu cha nyumbani, na mtoto aliyetengwa na mama yake kwa pazia tu hubaki na ushahidi kuwa mama hayuko mbali.

Kuhusu usafi sina manung'uniko. Vitu laini hushika vijidudu na ni vigumu kuvisafisha kuliko vitu vigumu vinavyoweza kupanguswa kwa maji ya klorini, na ndiyo maana kanuni ya mdoli mmoja kwa mtoto mmoja haipaswi kulegezwa hata midoli ikipungua. Kila mmoja hufuliwa, huanikwa juani hadi ukauke ndani na nje, jambo linalohitaji subira katika hewa ya unyevunyevu ya pwani, kisha hufungwa kwenye mfuko wake. Midoli ya mitumba inayoletwa na wasamaria wema hukataliwa kwa adabu, na nawaomba wasomaji wasiichukulie kama dharau.

Sasa kasoro, na kwa hizi ninaondoa nyota moja katika tano. Ya kwanza ni ufunguo. Kabati hufungwa ili midoli isipotee, na ufunguo hukaa na mtu mmoja wa zamu ya mchana. Familia moja tuliyokaa nayo benchi moja ilikuwa imemleta binti yao usiku uliotangulia, na muuguzi aliyewapokea alijua kuwa midoli ipo, akakosa namna ya kuifikia. Huduma ambayo thamani yake yote ni kuwepo saa mbaya haiwezi kufungwa jioni. Hofu ya kupotea kwa midoli naielewa, lakini heri midoli michache ipotee kuliko mtoto aliyetokwa damu akalale bila kitu mkononi. Boksi dogo lenye midoli michache, likikabidhiwa kila zamu pamoja na daftari la makabidhiano, lingemaliza tatizo hili wiki hiihii.

Ya pili ni watoto wakubwa. Msichana wa miaka kumi na mbili aliyegongwa na pikipiki hatafurahi kupewa kuku wa kitambaa mbele ya watu, na anaweza kuona kuwa hofu yake imechukuliwa kitoto, hivyo watoto wa umri wake huachwa hivihivi ilhali nao wanatetemeka. Nilipowaambia mafundi walikubali kuwa hawajalifikiria vya kutosha. Wana ujuzi wa kushona, basi washone mto mdogo wa kushikilia, au mfuko wa kitenge wenye daftari na penseli ambao msichana au mvulana wa umri huo hataona haya kuubeba.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Picha za watoto wakiwa na midoli yao, wengine wakiwa bado na dripu, zimekuwa zikitumwa katika makundi ya WhatsApp ili kuwavuta wachangiaji, na picha ya mvulana wetu ilinifikia mimi mwenyewe kutoka kwa mtu tusiyehusiana naye kwa lolote. Dada yangu aliulizwa kwa haraka kama anakubali, wakati mwanawe yuko mikononi mwa watu walewale ambao angewakatalia. Ridhaa ya namna hiyo haina uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda heshima ya mtoto. Naamini mafundi hawakuwa na nia mbaya, na mwenyekiti wao aliahidi kwamba kuanzia sasa zitapigwa picha za midoli peke yake kabla haijaondoka barazani. Nitaendelea kufuatilia, na wachangiaji nao waache kudai picha ya uso wa mtoto kama risiti ya mchango wao.

Kwa wanaotaka kusaidia, kinachohitajika zaidi si fedha nyingi. Vipande vya vitenge na kanga mpya vinavyobaki kwa mafundi wa nguo hupatikana kwa wingi. Vinavyosumbua ni pamba ya kujazia, uzi imara na mifuko ya kufungia, na msimu wa mauzo ya korosho, unaoanza Oktoba, ndio wakati ambao wakulima na wafanyabiashara wengi wa kusini huwa na kitu mfukoni. Anayechangia vitambaa achague vya pamba visivyochuja rangi, avifue kwanza, na aache kabisa vyenye nakshi za kung'aa zinazobanduka.

Kwa sasa huduma haijavuka mipaka ya mji wa Mtwara, ilhali watoto wa Masasi, Newala na Lindi hupokelewa kwanza katika hospitali za kwao, na ni wachache tu wanaofikishwa huku kwa rufaa. Mafundi wako tayari kumpa yeyote mwenye cherehani karatasi za kukatia kobe na sungura bila malipo, na kumwonyesha mishono inayotakiwa. Aliye Lindi mjini, Ndanda, Nyangao au Masasi na anayefahamiana na wauguzi wa dharura wa huko aanze kwa kuzungumza na mganga mfawidhi na muuguzi kiongozi kuhusu mahali pa kuhifadhia, nani atashika ufunguo usiku, na nani atawaeleza wauguzi wa kila zamu namna ya kumkabidhi mtoto. Cherehani ifuate baada ya hayo kukubaliwa.